Namna ya Kutengeneza Bakuli la Kioo cha Mozaiki kwa Mtindo wa Kirumi

Bakuli la kioo cha mozaiki, kama yale ya mafundi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo na karne ya 1 baada yake, halikupulizwa wala kupakwa rangi. Michoro yake imo ndani ya kioo chenyewe na huonekana pande zote mbili. Fundi wa Nairobi mwenye tanuri la umeme la kuchomea vyungu anaweza kulitengeneza, mradi awe na subira.

Tumia kioo cha aina moja tu, hata kama rangi ni tofauti. Mara ya kwanza nilichanganya mabaki ya kioo cha dirisha kutoka Industrial Area na vipande vya rangi vilivyoagizwa kutoka nje, na bakuli lililotoka likiwa zuri ajabu likapasuka lenyewe mezani siku ya tatu, kwa kuwa kila aina ya kioo husinyaa kwa kiwango chake inapopoa.

Kiini cha kazi hii ni ufito, yaani fimbo nyembamba ya kioo yenye mchoro ndani yake. Laza bamba la kioo cheupe juu ya la zambarau (Warumi walipata weupe kwa antimoni na zambarau kwa manganizi), yapashe moto hadi yalainike, kisha uyaviringishe pamoja kama unavyoviringisha chapati iliyopakwa mafuta kabla ya kuisukuma tena. Mwenzako ashike ncha moja kwa koleo, nawe uvute nyingine ukirudi nyuma polepole. Donge litarefuka hadi unene wa penseli, na ule mzunguko wa ndani utapungua ukubwa bila kupoteza umbo lake. Vaeni miwani na glavu za ngozi. Asiye na moto wa kutosha na aombe msaada katika karakana za wapuliza kioo upande wa Kitengela.

Ufito ukipoa, ukate vipande vya milimita 5, uvipange vikigusana juu ya kigae kilichopakwa kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) ili visinate, kisha uzungushie ukingoni ufito mwembamba uliosokotwa, kama walivyofanya Warumi. Pandisha joto la tanuri polepole hadi nyuzi 780 hivi za Selsiasi, vipande viungane kuwa sahani moja. Sahani hiyo ikishapoa, ilaze juu ya kalibu ya udongo yenye umbo la bakuli lililopinduliwa kifudifudi, uipashe tena hadi karibu nyuzi 680, nayo itajikunja yenyewe.

Kupoza ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Shikilia joto kati ya nyuzi 510 na 550, kutegemea kioo chako, kwa saa nzima, halafu lishuke taratibu usiku kucha. Usifungue mlango kabla tanuri halijapoa kabisa. Kwa kuwa stima hupotea bila taarifa, mimi huchoma tu siku ninapoweza kukodi jenereta.

Sehemu ya ndani, iliyogusa kalibu, itatoka imefifia. Warumi waliichonga na kuing'arisha. Wewe tumia msasa wa maji, kuanzia namba 120 hadi 1000, ukiweka kioo kikiwa kimelowa daima ili vumbi lake lisiingie mapafuni.