Kukata sampo ya chapuo na kayamba ndani ya FL Studio

Wengi wakishaburuta sampo (sauti iliyorekodiwa) ndani ya Slicex, kifaa cha kukata sauti vipande kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, huiachia programu ikate yenyewe. Kwa dramu za mashine inakubali, maana kila pigo lina mwanzo mkali. Kwa ala za pwani kama chapuo, ile ngoma ndogo, inakosea, hasa kayamba. Mimi nakata hivi.

Hatua ya 1: Rekodi kwa WAV. Simu inatosha, ila rekodi chapuo peke yake na kayamba peke yake. Kaa mbali na MP3: ukiihifadhi huongeza ukimya mfupi mwanzoni, na lupu yako (kipande kinachojirudia) itajikwaa kila ikizunguka.

Hatua ya 2: Pata mzunguko mmoja. Fungua sauti kwenye Edison, kihariri cha sauti cha FL Studio. Gawanya 60 kwa tempo upate sekunde za pigo moja. Kwa BPM 100 (mapigo 100 kwa dakika) ni 0.6, kwa hiyo mapigo manne ni sekunde 2.4. Ukipata 2.43 usishtuke, aliyepiga ni mtu.

Hatua ya 3: Sahau 16, yaani gridi (mistari ya kupangia noti) inayogawa kila pigo mara nne. Ngoma nyingi za pwani hutembea tatu-tatu ndani ya kila pigo. Gawanya mzunguko mara 12, yaani sekunde 0.2 kwa kipande. Nilihangaika usiku mzima na gridi ya 16 nikimlaumu mpigaji, kumbe kosa langu.

Hatua ya 4: Kata chapuo. Hamishia mzunguko kwenye Slicex, kuza picha ya wimbi, kisha sogeza kila alama ya mkato hadi pale wimbi linapovuka mstari wa katikati, kabla tu halijapanda. Ukikata wimbi likiwa juu utasikia "tik". Ikibaki, ipe sauti milisekunde 2 za kuingia polepole. Ukizidisha, kofi la mkono linakufa na chapuo inageuka mto wa kulalia.

Hatua ya 5: Kayamba, hapa ndipo penye kazi. Ndani ya matete mna mbegu. Ukiitikisa, mbegu huanza kuteleza kwanza, ndipo zigonge upande wa pili. Pigo unalolisikia ni ule mgongano, lakini sauti imeanza kabla yake. Programu hukata kwenye mgongano na kuutupa mtelezo, ukabaki na kitu kinachofanana na kopo la mchanga. Basi rudisha alama nyuma hadi mtelezo unapoanza. Sasa kipande kitachelewa kikipigwa. Kwenye piano roll (dirisha la kupangia noti) shika Alt, uvute noti za kayamba kushoto, zianze kabla ya mstari wa gridi, hadi mgongano uangukie kwenye pigo. Fumba macho, tumia masikio.

Hatua ya 6: Panga upya. Kila kipande kina kitufe chake kwenye kinanda. Badilisha mpangilio, rudia kipande cha tatu, acha pengo. Ukipandisha tempo hadi 200 ya singeli, sauti za ngoma hazitapanda, kwa sababu kila kipande kinapigwa chenyewe. Ukiharakisha rekodi nzima mara mbili, itapanda oktavu moja. Wapo wanaoitaka hiyo, nami sikatai.

Ila kwa 200, nafasi kati ya vipande inabaki sekunde 0.1, na mikia ya chapuo itapandana mpaka besi ichafuke. Fupisha mikia ya chapuo tu. Ya kayamba iache ipumue.