Somo: Mchele ukishalowekwa, asubuhi haina mjadala

Habari za jioni wapendwa. Niliahidi somo la kuendelea na biashara siku ambazo moyo umegoma, na leo natimiza. Mimi nauza vitumbua Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa tisa. Asubuhi nilizoamka na hamu ya kwenda kukaa mbele ya jiko ni chache kuliko zile nilizoamka bila hamu. Kwa hiyo leo sifundishi kutafuta hamu. Naeleza jinsi ninavyouza ikiwa haipo.

Hatua ya 1: Fungua daftari kabla hujajilaumu

Mwanzoni mwa 2023, mchele ulipopanda sana, nilishikwa na uchovu nisioujua. Nalala saa 3 usiku, naamka mwili mzito kama gunia lililolowa. Nilifika mahali pa kudhani nimepigwa jicho. Dada yangu akaniambia, "Hebu lete daftari." Nilikuwa sijaandika kitu wiki sita.

Tukakaa mkekani, tukapiga hesabu ya siku moja. Mchele kilo 2, 6,400. Nazi tatu, 4,500. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta nusu lita, 3,300. Mkaa 2,500, hamira na iliki 700. Jumla 18,900. Vitumbua 100 kwa shilingi 200 ni 20,000. Yaani naamka saa 9 usiku, nakaa kwenye moshi mpaka saa 3 asubuhi, kwa shilingi 1,100, na hapo maji hayajahesabiwa. Mwili ulishajua zamani kwamba kazi ile hailipi. Mimi ndiye nilikuwa nyuma.

Tukapandisha bei: kimoja 300, vinne 1,000. Wateja walinung'unika wiki mbili, wengine wakahama kabisa, sitaficha. Lakini hata siku niliyouza 80 nilirudi na pesa ya maana kuliko zile 100 za mwanzo, na ule uzito wa mwili ukapungua wenyewe.

Basi andika siku 7 mfululizo: kila kilichotoka na kila kilichoingia, hata kiberiti. Ukikuta faida haipo, rekebisha bei au matumizi kwanza. Maneno ya kutia moyo hayatibu hasara. Ukikuta faida ipo na bado moyo umegoma, njoo hatua ya pili.

Hatua ya 2: Uamuzi uhamie usiku

Hapa ndipo somo lilipo, naomba msome taratibu.

Saa 2 usiku, nikishakula, napima mchele, naosha maji matatu, naloweka kwenye ndoo yangu ya bluu, nafunika kwa sinia. Hapo kesho imeshaanza. Mchele uliolowa haurudi kwenye mfuko. Usiposagwa utachachuka, na zile elfu sita zimekwenda na maji. Simu ikilia saa 9 usiku sijiulizi niamke au nisiamke, nasikia ndoo inaniita.

Akili ya saa 9 usiku msiiamini. Itakupa sababu kumi na zote zitasikika za kweli: mvua inakuja, mgongo unauma, jana hawakununua. Ile ya saa 2 usiku imeshiba, imetulia, inakumbuka ada ya mtoto. Iachie hiyo iamue.

Kila biashara ina mchele wake. Fundi cherehani akate kitambaa usiku na akiache chini ya sindano, uzi umeshatungwa. Mama ntilie aloweke maharage. Mwenye saluni ahakikishe mteja wa kwanza wa saa 3 asubuhi ameshalipa kianzio. Kiwe kitu ambacho ukikiacha, hasara unaiona kwa macho.

Hatua ya 3: Jiwekee kipimo cha siku mbaya

Kipimo changu cha siku mbaya ni kilo moja. Siendi chini ya hapo, na sibadilishi saa wala mahali. Kilo moja inatoa kama vitumbua 50. Nakaanga, nauza, narudi kulala, na sijioni mkosefu. Faida yake ni ndogo, ila njia ya mteja inabaki wazi.

Kuna kondakta mmoja, gari lake linapita saa 12 na robo. Hashuki. Ananyoosha mkono dirishani na noti ya 1,000, namrushia vinne kwenye bahasha ya kaki, gari linaondoka. Kuna kipindi sikwenda siku mbili, sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimenuna tu. Siku ya tatu gari likapita na mkono haukutoka. Alikuwa na bahasha ya maandazi mapajani. Ilinichukua karibu mwezi kumrudisha. Mteja wa asubuhi haji kukuuliza ulikuwa wapi. Anakuwa na mtu mwingine.

Hatua ya 4: Mtaji wa kesho utengwe kabla hujafika nyumbani

Hii fupi. Nahesabu palepale kwenye benchi, natoa mtaji wa kesho, nanunua mchele na nazi njiani. Nikifika nyumbani na pesa taslimu, itapata kazi. Wengi wanaosema wamekata tamaa, ukiwauliza vizuri, mtaji umeliwa. Na mtu hawezi kuwa na moyo wa kuuza wakati hana cha kuuza.

Hatua ya 5: Pumzika kwa kuaga

Mimi siuzi Jumapili, na Jumamosi namwambia kila anayenunua. Ukifunga bila kusema, mteja anajifunza kwamba huaminiki. Ukiaga, anajua Jumatatu upo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Shikamoo dada. Mimi nauza mitumba, sina cha kuloweka. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Usiku chagua nguo kumi bora, zipige pasi, zipige picha, weka kwenye hali ya WhatsApp: "Kesho saa 2 asubuhi zipo mezani." Mtu mmoja tu akijibu "niwekee hiyo ya kijani", umeshaloweka. Utaamka kwa ajili yake.

Mwanachama wa Kisauni, Mombasa: Asante kwa somo, dadangu. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Ramadhani ikifika biashara inakufa, na baada ya Idi nashindwa kurudi kazini. Wewe wafanyaje?

Mimi sifungi biashara, nageuza saa tu. Mchele naloweka alfajiri baada ya daku, nakaanga baada ya alasiri, nauza kabla ya adhana ya magharibi. Watu wa futari wananunua kwa wingi kuliko wa chai. Shida ya kurudi baada ya Idi inatokana na mwezi mzima wa kukaa. Ukiweza kuuza hata siku tatu kwa wiki, mwili hautasahau. Na ile siku utakayorudi asubuhi waambie wateja mapema, ukiwa bado unawauzia futari.

Fundi cherehani, Morogoro: Nimefunga wiki mbili. Nina vitambaa vya watu, simu nazikwepa. Nimeona aibu kabisa kurudi.

Pole sana kaka. Usingoje aibu iishe, haiishi ukiwa nyumbani. Usiku huu panga vitambaa kwa tarehe, cha zamani juu. Kesho asubuhi mpigie mwenye hicho kabla hajakupigia, mwambie: "Nilikwama, nguo yako ni Alhamisi," kisha ifanye Jumatano. Usiwapigie wote siku moja, utaahidi usivyoweza. Wawili kwa siku wanatosha.

Mwanachama wa Dodoma: Dada, nilimzika mama mwezi wa tatu. Daftari liko sawa, faida ipo. Ila nikikaa dukani nalia, usiku silali, chakula hakipiti.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mama. Mdogo wangu, hizi hatua zangu hazikukusudiwa msiba. Usijipime kwa hizo sasa. Kama kuna ndugu wa kukaa dukani hata nusu siku, mwachie bila kuona haya. Na kutolala na kutokula kukizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya ukawaeleze kama ulivyonieleza mimi. Wapo wanaotibu hilo, na si wazimu. Nitakutafuta pembeni kesho jioni, tuongee.

Mwanachama wa Korogwe: Samahani, nje ya somo kidogo. Kilo moja ya mchele unaweka nazi ngapi? Vyangu vinakuwa vigumu.

Nazi moja na nusu. Tui zito sagia mchele, tui jepesi weka kando la kulegezea. Kabla ya kusaga bonyeza punje kwa ukucha: ikivunjika kirahisi, mchele umelowa vya kutosha, ikikataa, subiri. Vitumbua vigumu mara nyingi ni mchele ulioharakishwa, au uji mzito. Ukiuinua kwa upawa umiminike bila kukatika. Na moto uwe mdogo, mkaa upungue chini.