Mafuta Hayapandi Jukwaani: Namna ya Kusoma Tamthilia za Ugomvi wa Mali Asili

Mwanafunzi anayetakiwa kueleza jinsi tamthilia za baada ya ukoloni zinavyoonyesha ugomvi wa mali asili huanza, mara nyingi, kwa kuitafuta mali yenyewe. Huisaka ardhi, pamba au mafuta katika maneno ya wahusika, huyapigia mstari, kisha huandika kwamba mwandishi anapinga unyonyaji. Jibu hilo si kosa, ila mtu anaweza kuliandika juu ya nusu ya tamthilia za Afrika bila kuzifungua. Katika kikundi chetu cha kusoma tamthilia hapa Bagamoyo tumezoea kuanzia upande wa pili. Tunauliza ni kitu gani kimewekwa jukwaani kwa niaba ya mali, kwa sababu mali yenyewe karibu kila mara haipo. Kisima cha mafuta hakipandi jukwaani, na kampuni inayokichimba haina uso wa kuigizwa. Kinachoingia ni karatasi, mnyama, au mtu aliyetumwa kuja kuzungumza.

Kwa hiyo soma maelekezo ya jukwaani kabla ya mazungumzo, na uyasome polepole. Chukua Nitaolewa Nikipenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyoigizwa kwa Kigikuyu huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Pazia linapofunguka tunaona nyumba ya udongo ya chumba kimoja: kitanda kwenye pembe moja, makoti yenye viraka yametundikwa ukutani, na kwenye ukuta mmoja pana hati ya ardhi iliyotiwa fremu, ardhi yenyewe ikiwa ekari moja na nusu. Karibu na kichwa cha kitanda umening'inia upanga ndani ya ala yake. Hakuna aliyekwisha kusema neno la maana, lakini ugomvi wote umekwisha kutandazwa mbele yako. Familia isiyo na koti zima imeipa karatasi ile heshima ambayo watu wengine huipa picha ya marehemu baba yao.

Baada ya kukipata kitu, kifuate kinavyosafiri. Andika pembeni kila mara hati inapotajwa, nani ameishika, na nani ameitamani bila kuigusa. Utagundua kwamba hakuna anayemnyang'anya Kiguunda, baba wa familia hiyo, shamba lake kwa mabavu. Ahab Kioi, tajiri aliyeshirikiana na wageni wanaotaka kujenga kiwanda cha dawa za kuulia wadudu, hahitaji kufika na bunduki. Kiguunda mwenyewe anaiweka hati rehani benki ili apate fedha za kufunga ndoa kanisani, akiamini kwamba kufanya hivyo kutamwezesha binti yake kuolewa na mtoto wa Kioi. Deni linamshinda, shamba linapigwa mnada, na mnunuzi ni Kioi. Mgeni anayefaidika na kiwanda hatumwoni hata mara moja. Hapa ndipo msomaji anapaswa kukaa muda mrefu, kwa kuwa tamthilia hizi, kwa maoni yangu, zina ukali mkubwa zaidi kwa mtu wa kati kuliko kwa mgeni: yule jirani, mkwe mtarajiwa au mwenzako wa kanisani, ambaye mkono wake ndio unaopokea na kutoa.

Mgawanyo nao unahitaji kusomwa kama hesabu. J. P. Clark wa Nigeria ana tamthilia, The Wives' Revolt, inayohusu mji wa Erhuwaren, ambako kampuni ya mafuta imetoa fedha kwa wenyeji. Fedha hizo zinagawanywa mafungu matatu yaliyo sawa: la wazee, la wanaume wengine, na la wanawake. Hesabu inaonekana safi mpaka wanawake wanapouliza wazee hao ni akina nani, maana wote ni wanaume, na kwa hiyo mafungu mawili kati ya matatu yameishia upande mmoja wa kitanda. Wanaume hawajibu kwa hoja bali kwa sheria inayopiga marufuku ufugaji wa mbuzi mjini, na wafugaji wa mbuzi ni wanawake. Wanawake wanafunga safari na kuwaachia waume zao majiko na watoto.

Tulipoisoma kwa sauti, mimi nikifasiri papo kwa papo, tulikuwa tumeketi karibu na soko la samaki lililo kando ya jengo la zamani la forodha la Wajerumani. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mashua ziingie alisikiliza kidogo, akaitikia shikamoo zetu, kisha akauliza: “Wanangu, mafuta kachimba mzungu, fedha wamegawana wanaume, sasa mbuzi wamekosa nini?” Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu mfumo dume, nikayakunja. Swali lake ndilo ninalowapa wasomaji wapya hadi leo: tafuta mbuzi wa tamthilia yako, yaani yule asiyehusika na utajiri ambaye ndiye anayeadhibiwa utajiri unapofika.

Jambo jingine ni tarehe, na hapa usome tarehe mbili kwa pamoja: ya tukio na ya kuandikwa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyotanguliwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa ambacho serikali ya Kijerumani ilikianzisha mwaka 1902. Kule Nandete, uasi ulianza kwa watu kung'oa mipamba. Lakini tamthilia ilichapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mwandishi anamfanya Kinjeketile, akiwa amepagawa na pepo Hongo, atamke kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, na kauli hiyo inawatia wasiwasi wale wanaofikiri: je, tunamfukuza bwana mmoja ili tumpokee mwingine? Msomaji wa Bagamoyo, ambaye mji wake ulitozwa ushuru wa Sultani kabla ya kuwa makao makuu ya Wajerumani, hahitaji kuelezwa sana. Nchi iliyokwisha kutaifisha mabenki na mashamba makubwa ilikuwa ikiulizwa, kwa mdomo wa wafu, pamba ya kesho itakuwa ya nani.

Wanafunzi hupenda kuingiza mambo ya leo, na wengi hukimbilia mgogoro wa bomba la gesi la Mtwara wa mwaka 2013. Waingize, lakini kwa aya moja, na baada ya kumaliza kazi ya kusoma. Aliyeanza na habari za magazeti huishia kuisoma tamthilia kama gazeti.

Kwa wanaoigiza nina onyo dogo linalotokana na makosa yetu wenyewe. Katika onyesho letu la kwanza la nyumba ya Kiguunda tuliupaka upanga rangi ya fedha na kuuelekezea taa. Watazamaji hawakuondoa macho pale, wakisubiri utoke alani, na Kiguunda alipouchomoa mbele ya Kioi walipiga vigelegele, halafu wakashindwa kuelewa kwa nini mke wa Kioi alipotoa bastola mchezo ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Mara ya pili tuliupaka upanga masizi, tukaisogeza taa ya chemli chini ya hati, na tukamwagiza Kiguunda kila apitapo aifute fremu vumbi kwa pindo la shati lake.