Ukiitwa intavyuu raundi ya pili yale maswali ya kubana yanarudi, jipange hivi

Wadogo zangu mnaotafuta kazi, jambo moja nataka mlijue mapema: karatasi ya intavyuu ya kwanza haitupwi. Ulichosema mbele ya paneli kuna mtu alikuwa anakiandika, na ukiitwa mara ya pili yule bosi ambaye siku ile hukumuona anakuwa nayo mezani. Mimi hili nilijifunza kwa maumivu. Raundi ya kwanza nilisema nimeondoka kazini kwa sababu mkataba uliisha, na ilikuwa kweli, raundi ya pili nikaona jibu hilo jepesi nikasema nilikuwa natafuta changamoto mpya. Mama aliyekaa katikati akashusha miwani, akafunua karatasi ya chini, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja kisha akaniuliza taratibu, "Sasa mkataba uliisha au uliondoka mwenyewe?" Nilijieleza weee lakini uso wake ulishafunga. Kazi ile sikuipata.

Kwa hiyo ukitoka raundi ya kwanza, kabla hujapanda daladala, tafuta pa kukaa uandike kwenye simu: wameuliza nini, nimejibu nini, wapi nimekwama, mshahara nimetaja ngapi, nani walikuwepo. Dakika kumi tu zinatosha, maana kesho yake nusu umeshasahau. Na kipimo changu cha jibu la swali gumu ni kimoja, je hili jibu nitaweza kulirudia wiki mbili zijazo mbele ya watu wengine bila kutetereka? Kama hapana, usilitoe.

Tuanze na la mshahara kwa sababu ndo linaloangusha wengi. Ukiulizwa "unategemea tukulipe shilingi ngapi", usiseme "wowote tu mtakaonipa", unadhani ni unyenyekevu kumbe mwenzio anaandika kwamba hujui thamani ya kazi yako. Piga hesabu ukiwa nyumbani. Chukua mshahara wa milioni moja kabla ya makato, kampuni binafsi hapa Tanzania. NSSF asilimia 10 inaondoka laki moja, inabaki laki tisa ndo inakatwa kodi, PAYE yake inakuja 103,000, umebaki na 797,000. Kama chuo ulisoma kwa mkopo wa bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo ni 150,000 nyingine, mkononi unashika 647,000, hapo kodi ya chumba na nauli bado. Sasa mtu mwenye mkopo alitaka laki nane mkononi akataja milioni moja, amejipunja, na raundi ya pili akija kupandisha anaonekana kigeugeu. Sema kuanzia hapa mpaka hapa, kabla ya makato, na useme ungependa kujua kwanza bima na nauli vikoje. Wakiuliza kazi ya zamani ulikuwa unalipwa ngapi taja ukweli, kuna ofisi zinaomba salari slipu baadaye.

Halafu kuna lile la "ulimaliza chuo 2021, muda wote huo ulikuwa unafanya nini?" Hapa watu wanainamisha kichwa kama wameiba. Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza, akaja kijana anaomba nafasi ya msaidizi wa uhasibu, siivii yake ina miaka miwili mitupu. Nikamuuliza, akasema kwa sauti ya chini "nilikuwa mtaani tu". Tukambana kidogo ndo akatoa kwamba alikuwa anaendesha kibanda cha wakala wa pesa za simu, kila usiku anahesabu floti (salio la kwenye simu) na keshi anaandika kwenye daftari, siku moja ikapungua 40,000 akarudia miamala mmoja mmoja mpaka akaona namba aliyoikosea. Jamani, hiyo si ndo kazi yenyewe tuliyokuwa tunaitafutia mtu! Akaitwa raundi ya pili, na safari hii daftari alikuja nalo kwenye begi. Kwa hiyo kama uliuza mitumba, ulifundisha tuisheni, ulimuuguza mzazi, sema, na uweke namba na namna ulivyokuwa unafanya.

Dada zangu, kuna lile la "umeolewa? unategemea kuzaa lini?" Linaudhi na mna haki ya kuudhika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na hata mwombaji kazi analindwa, sio aliyeajiriwa tu. Lakini pale kwenye kiti, kama kazi unaitaka, hulazimiki kutoa ratiba ya nyumba yako wala kugombana. Anayeuliza anaogopa utakuwa hupatikani, basi jibu hiyo hofu: "Majukumu ya nyumbani nimeyapanga, kazi niliyotoka nilikuwa nafunga hesabu za mwezi kwa wakati, mnaweza kumuuliza msimamizi wangu." Akirudia mara ya tatu, nawe umeshajua ofisi hiyo ikoje.

Kama ulifukuzwa sema kwa sentensi mbili, nini kilitokea na nini umebadilisha, halafu nyamaza. Usimseme vibaya bosi wa zamani, maana watampigia simu. Na wakiuliza udhaifu wako ni upi usilete lile la "napenda kazi kupita kiasi", wamelichoka.

Raundi ya pili sasa. Ukipigiwa simu uliza kwa adabu utakutana na nani na kama kuna jaribio la vitendo, maana wengine wanakuwekea kompyuta wanakwambia panga hii Excel. Usirudie kujitambulisha kwa dakika tano kama mara ya kwanza, siivii wameshaiamini, wanachotaka kujua sasa ni kama wataweza kukaa na wewe siku sita za wiki. Rudi pale ulipokwama, sema "mara iliyopita mliniuliza kuhusu stoku, sikujibu vizuri, nimeenda kuangalia nimeona hivi". Uliza na wewe, aliyekuwa kwenye nafasi hii ameenda wapi, na miezi mitatu ya kwanza mtanipima kwa vigezo gani.

Serikalini ni tofauti, kule Sekretarieti ya Ajira unaanza na mchujo wa kuandika, kada nyingine wana vitendo, halafu ndo ana kwa ana, na hakuna kujadiliana mshahara. Kule kinachowatoa watu ni makaratasi: beba vyeti halisi, na kama jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kidato cha nne muone wakili mapema.

Mtu yeyote akikuomba hela ya fomu au ya kupimwa afya ili upite, ni tapeli, kata simu.

Kabla hujanyanyuka kwenye kiti uliza majibu yatatoka lini. Siku hiyo ikipita, subiri siku mbili za kazi halafu mtumie meseji moja yule dada wa ofisini aliyekupigia simu: "Habari za kazi dada, mimi ni mmoja wa waliofanya usaili wa pili tarehe 14 nafasi ya msaidizi wa uhasibu. Mlisema majibu yangekuwa tayari Ijumaa, naomba kujua yamefikia wapi. Asante." Weka na jina lako kamili, yule dada ana majina kumi kwenye simu yake.