Kupiga filamu ya kejeli ya Kihindi kwa fedha kidogo

Tafuta jengo kwanza, hadithi baadaye. Ukipata ofisi kuukuu Mumbai, andika hadithi ya kurasa 100 hivi inayoweza kupigwa yote humo (ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu). Kila ukihamisha vifaa kwenye foleni za jiji lile, nusu siku imekwenda.

Waigizaji wasio na jina wasake kwenye majukwaa ya tamthilia, kwa mfano Prithvi Theatre kule Juhu, mtaa wa Mumbai. Wamezoea kukariri maneno mengi, kwa hiyo hutarudia picha mara kumi. Fanyeni mazoezi kabla ya kukodi kamera. Kosa kubwa hapa ni mwigizaji kutaka kuchekesha. Kwa mfano, karani mla rushwa aamini kabisa kwamba anatenda haki, asikonyeze jicho wala kubinua midomo. Akionyesha tu kwamba anaujua mzaha, kejeli imekufa.

Sauti rekodi palepale kwa maikrofoni za kubana shatini, na zima feni. Ukiingiza sauti upya studio, vicheko huchelewa.

Chama cha siasa kipe jina la kubuni, maana filamu itapita CBFC, bodi ya India inayotoa vyeti vya kuonyesha filamu. Baraza lililosikiliza rufaa za filamu lilivunjwa 2021. Ukikataa uamuzi wa bodi, ni Mahakama Kuu, na wakili si bure.

Mhusika asivute sigara. Akivuta, utalazimika kuweka matangazo ya afya ya sekunde 30 mwanzoni na katikati, pamoja na onyo kwenye skrini. Ng'ombe naye anahitaji kibali cha Bodi ya Ustawi wa Wanyama kabla ya kupigwa picha.