Kuvisha Mkuku wa Mtumbwi Bomba la Plastiki

Katika mialo ya Kigoma, iwe Kibirizi, Katonga au Ujiji, mtumbwi wa mbao hauchakazwi na maji peke yake. Kila unapovutwa kutoka ziwani hadi nchi kavu, changarawe husaga mkuku, yaani mti mrefu wa chini kabisa unaopita katikati ya mtumbwi, kidogo kidogo, na ubao ukishaliwa hadi karibu na mishono, pamba ya kalafati, ile inayozibia mishono, hulegea na maji huanza kupenya. Kubadili mkuku ni kuufumua mtumbwi, kazi ya fundi na ya mbao nzuri ambazo bei yake inamwelemea mvuvi mdogo. Ndiyo maana nashauri kuweka chini ya mkuku kitu kingine kitakacholika badala yake, kitu cha gharama ndogo ambacho mwenye mtumbwi anaweza kukibandua na kukibadili bila kutoboa upya mwili wa chombo.

Wavuvi wa nchi za baridi wanaijua njia hii. Huko Ufini na Kanada, maziwa yanapoganda, watu huvua juu ya barafu na kuvuta zana zao kwa sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya mbao mbili ndefu, na baadhi yao huzivika mbao hizo plastiki ili ziteleze vizuri na zisilike. Changarawe yetu ni kali kuliko barafu, kwa hiyo tusitazamie wepesi ule ule, lakini ubao uliovikwa bomba lililopasuliwa unafaa sana hapa.

Bomba linalohitajika ni lile jeusi la maji linalouzwa kwa roli, lenye kipenyo cha milimita 63 na ukuta mnene, usiopungua milimita 5. Vipande vifupi vinavyobaki baada ya kazi za mabomba hupatikana kwa bei ndogo kwa mafundi na kwa wauza vyuma chakavu. Kabla ya kununua, kata kipande kidogo ukitie majini: poliethilini huelea, na hiyo ndiyo tunayoitaka, ilhali PVC huzama. PVC hupasuka inapogonga jiwe, na ikiunguzwa hutoa moshi wenye sumu. Mpira wa tairi, ambao wengi huupendelea kwa kuwa haupasuki, hung'ang'ania mchanga na kuwaongezea wavutaji kazi. Mahali pake ni ubavuni, pale mitumbwi inapogongana. Kwa ufuko wa mawe matupu, bapa la chuma hudumu zaidi, ingawa ni zito na hushika kutu.

Wakati mzuri wa kazi hii ni siku za mbalamwezi, ambapo uvuvi wa dagaa kwa taa haulipi na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Ulaze mtumbwi ubavu, uukwangue chini, kisha uuache kivulini siku kadhaa hadi mbao zikauke.

Anza na ubao wa kubeba bomba. Uwe wa mti mgumu, upana wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 6, na upande wake wa chini uuviringishe kwa randa hadi nusu ya bomba ikae juu yake bila kuchezacheza. Mmoja hukaa chini ya mkuku, na mingine miwili huwekwa kulia na kushoto, sambamba kabisa na mkuku, mahali ambapo mtumbwi huegemea unapolala. Mbao za pembeni zikienda mshazari, mtumbwi utakuwa mzito majini na utavuta upande mmoja. Kwa mtumbwi wa mashine, ubao wa katikati uchongwe uwe mwembamba kuelekea tezi, yaani nyuma, na uishie kabla ya kulifikia pangaboi, ili maji yalifikie yakiwa yametulia.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko kwingine kote. Ubao huu ufungwe kwa bolti zilizopakwa zinki, zinazopita kwenye mkuku au kwenye mataruma, yaani mbavu za ndani za mtumbwi, wala si kwenye ubao mwembamba wa ubavu peke yake. Kichwa cha bolti kizame ndani ya ubao wa kubebea, na nati iwe ndani ya mtumbwi pamoja na washa pana. Kila tundu lizungushiwe pamba na lami kabla ya kukaza. Misumari haifai, kwa sababu mtikisiko wa kuburuzwa huilegeza na kuacha tundu linalovuja.

Bomba la roli huwa limejipinda. Lilaze juani likiwa limenyooshwa na kukandamizwa kwa mawe, kisha lipigie mstari pande zote mbili na ulipasue kwa msumeno. Chenga zote zikusanywe juu ya turubai, kwa maana plastiki ikiingia ziwani haiozi. Nusu ya bomba hufungwa kwa skrubu zinazoingia kutoka pembeni, karibu na ukingo wa juu. Zikiingia kutoka chini, vichwa vyake vitalimwa na changarawe na hazitafunguka tena.

Gundi ya kawaida haishiki poliethilini, na tena plastiki hii hutanuka sana kwa joto: kipande cha mita 3 kilichofungwa asubuhi ya baridi huweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita 1 kikikaa juu ya mchanga wa mchana. Kwa hiyo skrubu ya katikati tu ndiyo ikae kwenye tundu la kuibana. Matundu mengine yatobolewe kwa keekee yawe marefu kufuata urefu wa bomba, na kati ya kipande na kipande ibaki nafasi ya sentimita 2. Paka skrubu grisi ili zifunguke baadaye. Upande wa omo, yaani mbele, ubao na bomba viinuke juu pamoja na mkuku, ili ncha ya plastiki isichimbe mchanga.

Wakati wa kuvuta, mwagia maji njia na utandaze matagaa mabichi ya michikichi yakiwa yamekingama. Kwa kuwa wavutaji huinua omo, sehemu ya nyuma ndiyo hulika kwanza. Ikiwa umetoboa matundu kwa ulinganifu kutoka katikati, unaweza kukigeuza kipande, nyuma ikawa mbele, na kukitumia tena. Kikague kila mbalamwezi, na ukuta ukibaki unene wa milimita 2 kibadilishe, kabla mchanga haujaufikia ubao.