Redio koli ya mabasi ya shule kwa simu za kawaida

Redio koli zenyewe zinataka leseni ya masafa ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na mkuu wa shule alipoona bei ya vifaa akaniambia, "Fundi, tafuta njia nyingine." Nikaipata: mabasi 7 hapa Mwanza, simu 7 za Android, na seva moja (kompyuta ya kupokea na kugawa sauti) ya Mumble, programu ya kuongea kwa intaneti; kwenye simu huingia kwa programu ya Mumla.

Hapa ndipo nilipopotea mwanzoni. Simu ya basi la Igoma haiongei moja kwa moja na ya basi la Nyegezi. Kampuni za simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti (IP); simu inaweza kutoka kupiga hodi, lakini haigongewi mlango. Kila sauti hupanda kwenye seva, nayo hutoa nakala 6 na kuzigawa. Ndiyo maana laptopu niliyoifanya seva ofisini haikupatikana hata siku moja, kwani modemu yetu nayo ilitumia laini ya simu. Kodi seva yenye anwani ya umma, na iwe karibu. Ya kwanza niliikodi Marekani kwa urahisi wa bei, sauti zikawa zinachelewa, nikahamia Johannesburg.

Kwenye seva hiyo, yenye mfumo wa Ubuntu:

sudo apt install mumble-server
sudo dpkg-reconfigure mumble-server
sudo ufw allow 64738

Amri ya pili itakuuliza nywila ya SuperUser, yaani msimamizi mkuu wa seva. Ya tatu hufungua poti, mlango wa seva, kwa TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data, na zote zinahitajika: TCP hushughulikia kuingia na vyumba, sauti hupita UDP, isiyosubiri pakiti (kipande cha data) iliyopotea. UDP ikizibwa, sauti hulazimika kupita TCP, na mtandao ukiyumba maneno hukwama kisha huja kwa mafungu. Jaza pia serverpassword, nywila ya kuingia, kwenye faili la mumble-server.ini, maana humu zinatajwa njia za mabasi ya watoto.

Kwenye Mumla, chagua kubonyeza ndipo uongee, kisha weka sauti kilobiti 16 kwa sekunde na pakiti za milisekunde 60. Ukiziacha 20, bahasha, yaani anwani na maelezo ya kila pakiti, inakaribia uzito wa barua yenyewe, yaani sauti, na bando linaliwa na bahasha. Halafu iondoe Mumla kwenye vikwazo vya betri, la sivyo simu itaizima kimyakimya mfukoni.

Kasoro moja: Mumble haigawi zamu. Kwenye MCPTT, mfumo wa kubonyeza na kuongea wa polisi na zimamoto uliotolewa mwaka 2016 na 3GPP, chombo cha viwango vya mitandao ya simu, ukibonyeza, simu huomba zamu kwa seva kwanza. Kwetu, watu wawili wakibonyeza pamoja, wote wanasikika. Dawa yetu ni ya kizamani: taja basi lako, sema neno lako, malizia "ova".

Simu anashika matroni. Dereva mikono yake iko kwenye usukani.